Kamina: Anayetundika kisanduku cha ndege akitunze

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, baiskeli zinaingia mjini Kamina zikiwa zimebeba mifuko ya makala. Vijana wanazisukuma kwa mikono, kwa sababu mzigo ni mrefu kuliko mtu mwenyewe. Makala hayo ndiyo yanapika bukari ya mchana katika nyumba nyingi za mji, na hakuna mwenye haki ya kumcheka baba anayetafuta chakula cha watoto wake kwa njia hiyo. Lakini ndani ya mifuko ile kuna kitu ambacho hakihesabiwi sokoni: nyumba za ndege.

Ndege wengi wa miombo, ule msitu wa miti iliyoachana unaozunguka Kamina, hawafumi kiota cha majani. Wanataga ndani ya tundu la mti. Kigong'ota anatoboa shina lililokauka kwa mdomo wake, anazaa humo, kisha msimu mwingine anaweza kutoboa jingine. Zuwakulu, ndege mwenye mdomo mnene, anafanya hivyo hivyo katika matawi yaliyooza. Tundu wanaloliacha linarithiwa na wengine wasio na mdomo wa kutoboa: kwenzi mwenye manyoya yanayong'aa, hudihudi mwenye kishungi kichwani, kasuku wadogo wa porini, bundi. Hondohondo, yule mwenye mdomo mkubwa uliopinda, anategemea tundu kuliko wengine. Jike anaingia ndani, mlango unazibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba, na dume anamletea chakula kupitia ufa huo kwa wiki nyingi.

Tundu la namna hiyo halipatikani katika mti mchanga. Linahitaji shina nene, tawi lililovunjika kwa upepo, kuvu inayoozesha mti polepole, na miaka mingi. Miti ya miombo ikikatwa, chipukizi zinarudi kwenye visiki. Baada ya miaka kumi, mtu anayepita njiani atasema msitu umerudi. Kuhusu majani atakuwa amesema kweli. Matundu hayajarudi, na mjukuu wake ndiye labda atakayeyaona.

Mjini hali si tofauti sana. Mwembe mzee wa kiwanjani ukianza kukauka upande mmoja, mwenyewe anakata tawi kabla halijaangukia nyumba. Nyumba za zamani zilikuwa na nafasi chini ya paa ambamo ndege na popo walijificha. Nyumba mpya zinafungwa vizuri, na mwenye nyumba ana sababu ya kufanya hivyo. Hivyo ndege anakosa nafasi porini na mjini kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana wazo la kutundika visanduku vya mbao kwenye miti ya viwanja ni wazo la maana kwa mji kama Kamina. Wakaaji wengi bado wana mwembe au mwavokado nyumbani. Maseremala wanatupa au kuchoma vipande vya mbao kila siku. Misumari kumi, saa mbili za kazi, na ndege anapata mlango. Katika Ulaya watu wanafanya hivyo tangu zaidi ya miaka 100.

Lakini wazo hilo linaharibika haraka likishikwa na watu wanaopenda picha kuliko kazi. Kisanduku kinachotundikwa leo na kusahauliwa kesho ni kibaya kuliko mti usio na kisanduku. Kinamwita ndege aje azalie mahali ambapo makinda yake yatakufa kwa joto, yatamezwa na nyoka, au yatachukuliwa na watoto wa jirani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza Kamina inaweza kutundika visanduku vingapi, inafaa kuuliza ni nani atakayevitunza.

Kazi yenyewe ni nini

Kutunza kisanduku kunaanza kabla ya msumari wa kwanza. Kisanduku cha bati au cha plastiki kinapendeza kwa macho, lakini jua la Septemba, wakati mvua inasubiriwa, linageuza bati kuwa chungu. Kinda asiye na manyoya hana pa kukimbilia. Mbao nene, isiyopakwa rangi ndani, ndiyo inayofaa. Upande wa ndani uwe na mikwaruzo ili makinda yaweze kupanda hadi mlangoni siku ya kutoka. Chini kuwe na vitundu vidogo vya kutoa maji, juu karibu na paa kuwe na vingine vya kupitisha hewa, na paa litokeze mbele ili mvua isiingie. Upande mmoja uwe wa kufunguliwa. Kisanduku kisichofunguliwa hakiwezi kusafishwa.

Ukubwa wa mlango ndio unaochagua mpangaji. Tundu lenye upana wa sentimita 4 hivi linamtosha shomoro. Kwenzi anahitaji karibu sentimita 6. Mtu anayetoboa tundu kubwa akidhani anamrahisishia ndege mdogo, anamfungulia mlango anayekula mayai yake. Bundi mweupe, yule mwenye uso wenye umbo la moyo, anahitaji kisanduku kikubwa chenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 40, mlango wa sentimita 15 hivi, na kitundikwe juu, mita 4 au zaidi. Wako pia ndege wasiohitaji kisanduku kabisa. Wale wa njano wanaofuma viota vinavyoning'inia kwenye michikichi wanajijengea wenyewe. Wanachotaka ni mti usikatwe. Zuwakulu naye hapendi kukuta nyumba tayari. Huko Afrika Kusini, wenye bustani wanamfungia gogo la shina la mkonge lililokauka, na yeye mwenyewe anatoboa.

Mlango usielekee upande wa jua la saa tisa mchana wala upande ambao mvua kubwa inatoka. Shina la mti linaweza kuzungushiwa kipande cha bati laini ili panya na paka washindwe kupanda. Matawi yanayogusa paa la kisanduku yakatwe, kwa sababu nyoka anapita humo.

Kisha inakuja kazi ya kila mwaka. Ndege wengi wa matundu katika ukanda huu wanazaa kati ya Agosti na Novemba, wakati joto linapanda na wadudu wanaanza kuwa wengi. Kwa hiyo Juni na Julai, katikati ya kiangazi, ni wakati wa kufungua, kutoa kiota cha zamani kilichojaa viroboto na utitiri, kumwaga maji ya moto na kuacha kisanduku kikauke juani. Dawa ya kuua wadudu haifai kupulizwa humo. Anayesafisha afunge kitambaa puani, kwa sababu vumbi la kinyesi cha ndege si zuri kwa mapafu, na anawe mikono kwa sabuni. Kisanduku cha bundi kinasafishwa tu baada ya kuhakikisha kwamba hakuna yai wala kinda, kwa sababu bundi ana kalenda yake.

Kuna tatizo moja ambalo vitabu vya Ulaya havilizungumzii sana: nyuki. Katika Afrika kisanduku kitupu ni mzinga wa bure. Nyuki wakiingia katika kisanduku kilicho mita mbili kutoka jikoni, watoto wako hatarini. Wengine wanapaka sabuni kavu kwenye dari la ndani ili masega yasishike. Nyuki wakiingia pamoja na hayo, dawa yake si moto wala petroli. Ni kumwita mtu anayejua kazi ya asali, ahamishe kundi usiku. Na kama kiwanja ni kidogo na kina watoto wengi, kisanduku kisitundikwe karibu na nyumba.

Hayo yote ni kazi ndogo, labda siku mbili kwa mwaka. Ila ni siku mbili kila mwaka, hata mwaka ambao mwenye kiwanja ana mgonjwa, amesafiri Lubumbashi au amechoka. Hapo ndipo miradi mingi inakufa.

Ndege wanaokuja Congo wanatunzwa mbali

Mtu anaweza kusema kwamba habari za visanduku ni za wazungu wenye bustani na muda. Inafaa ajue kwamba baadhi ya ndege wanaotunzwa na watu hao ni wageni wa Congo. Teleka, ndege mweusi wa haraka anayefanana na mbayuwayu, anazaa chini ya mapaa ya nyumba za Uingereza, Sweden na nchi nyingine za Ulaya. Baridi ikifika, anahama. Vifaa vidogo alivyofungwa mgongoni vimeonyesha kwamba wengi wao wanapitisha miezi hiyo katika anga la bonde la Congo wakila wadudu. Mwaka 2016 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba teleka anaweza kukaa angani karibu miezi 10 bila kutua. Anapotua, ni kwa ajili ya kuzaa. Nyumba za zamani za Ulaya zinapokarabatiwa na nyufa kuzibwa, anakosa pa kuingia, na wakaaji wanamtundikia visanduku chini ya paa.

Kambu wa Ulaya, ndege wa rangi ya samawati, naye alikuwa amepungua sana. Katika Hungaria na Hispania, visanduku vilivyotundikwa mashambani vimemsaidia kuongezeka. Kambu huyo anavuka jangwa la Sahara kila mwaka na kuja kusini mwa Afrika kwa miezi ya mvua. Hivyo mtu wa Hungaria anayepanda ngazi kusafisha kisanduku anamtunza ndege ambaye nusu ya maisha yake iko Afrika. Si vibaya wenyeji wa Afrika wakiwafanyia hivyo ndege wao wasiosafiri.

Mfano wenye nguvu zaidi uko karibu zaidi, katika kisiwa cha Mauritius. Mwaka 1974 kozi wa kisiwa hicho, ndege mdogo wa kuwinda, alikuwa amebaki na ndege 4 tu waliojulikana porini. Leo wapo mamia. Visanduku vilikuwa sehemu moja ya kazi hiyo, pamoja na kulea makinda kwa mikono na kupambana na wanyama walioletwa kutoka nje. Anayesoma habari hiyo haraka anaona sanduku la mbao lililookoa ndege. Anayesoma taratibu anaona watu waliorudi kwenye sanduku hilo hilo mwaka baada ya mwaka.

Mahindi, panya na bundi

Kwa Kamina, hata hivyo, uzuri wa ndege peke yake hautoshi kuwashawishi watu. Mkaaji anayehesabu feza ya masomo ya watoto ana haki ya kuuliza kisanduku kinamletea nini. Jibu liko katika ghala la mahindi.

Haut-Lomami ni jimbo la mahindi. Kaniama-Kasese, ambako Service national inalima, iko katika jimbo hili hili. Kamina yenyewe ni njia panda ya reli: kutoka hapa njia moja inaelekea Kananga na Ilebo, nyingine Kabalo, na nyingine inashuka Bukama na Lubumbashi. Mahindi yanakaa katika depo na nyumba za watu yakingoja gari moshi au lori, na reli ikichelewa, yanakaa zaidi. Panya ndiye anayefurahia ucheleweshaji huo. Mwaka 2023, bei ya unga wa mahindi ilipopanda vibaya katika Lubumbashi na Kasai, kila familia ilijifunza thamani ya mfuko mmoja. Huko Tanzania, watafiti wamekadiria kwamba panya wanaharibu kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi kwa mwaka. Panya wa mashambani wa ukanda huu anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mara moja. Zaidi ya chakula, panya anabeba magonjwa. Wakaaji wa Ituri, upande wa Aru na Mahagi, wanajua maana ya tauni.

Bundi mweupe anakula hasa panya. Anameza panya mzima, kisha anatema donge la manyoya na mifupa. Mwalimu akilifungua donge hilo mbele ya wanafunzi, wanaweza kuhesabu mafuvu ya panya mmoja mmoja. Jozi moja yenye makinda inaweza kuwinda panya zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Hajengi kiota. Anataga juu ya sakafu ya tundu, dari au kisanduku. Kwa hiyo ni mmoja wa ndege wanaosaidiwa na kisanduku kuliko wengi.

Isisemwe kwamba bundi atamaliza panya. Hakuna ndege anayeweza kazi hiyo peke yake. Ghala lenye miguu mirefu na mabati ya kuzuia panya, mji usio na takataka kila kona, na paka wa nyumbani, vyote vinahitajika. Na kuna sharti moja gumu: anayemtaka bundi aache kutupa sumu ya panya ovyo. Panya aliyekula sumu haanguki papo hapo. Anatembea kwa uzito, anakamatwa kwa urahisi, na sumu inapita kwa bundi na makinda yake. Mwenye depo anayetundika kisanduku na kununua sumu siku hiyo hiyo anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine.

Woga wa usiku

Hapa ndipo shida kubwa ilipo, na si kweli kwamba inaweza kurukwa. Katika mitaa mingi ya Congo, bundi akilia juu ya paa, watu wanasikia kifo. Anaitwa ndege wa wachawi. Anapigwa mawe, anachomwa, na anayemuua anapongezwa. Wakati mwingine mambo hayaishii kwa ndege. Mtoto akiugua baada ya usiku ule, macho yanamgeukia mjane anayeishi peke yake mwisho wa avenyu, au mtoto yatima aliyepokelewa nyumbani mwaka uliopita. Nchi hii inajua vizuri jinsi tuhuma za uchawi zinavyovunja familia na kuwatupa watoto barabarani. Ndiyo sababu sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemtuhumu mtoto kuwa mchawi.

Kwa sababu hiyo, mtu anayetundika kisanduku cha bundi katikati ya mtaa bila kuongea na majirani anafanya kosa, hata kama nia yake ni safi. Anaweza kumletea ndege kifo, na anaweza kumletea mwenye kiwanja jina baya ambalo halitatoka kwa urahisi. Kutunza kisanduku cha bundi kunaanza na kutunza amani ya mtaa.

Woga huo si wa Congo peke yake, na umepunguzwa kwingine. Huko Israel, wakulima wa kibbutz cha Sde Eliyahu walianza mwaka 1983 kuwatundikia bundi visanduku ili wawinde panya wa mashamba. Mwaka 2002 Jordan ilijiunga. Huko nako bundi alikuwa ishara ya balaa. Kilichobadilisha mawazo hakikuwa hotuba dhidi ya imani za watu. Wakulima waliona mashamba ya jirani, wakasikia watu wanaowaheshimu wakieleza, wakajaribu. Katika vitongoji vya Johannesburg, kama Alexandra na Soweto, visanduku viliwekwa shuleni, na watoto wakafungua madonge ya bundi na kuona panya aliyeliwa. Mtoto aliyeona anarudi nyumbani na kumweleza nyanya yake. Katika milima ya Nyeri nchini Kenya, baadhi ya wakulima wamepata feza kidogo kutoka kwa wageni wanaokuja kumwona bundi mkubwa wa huko, ndege ambaye wenyeji wengi walimwona kuwa mjumbe wa kifo.

Kuna mambo ambayo mchungaji, padri, imamu na wazee wa kimila wa Kamina wanaweza kuyasema yakasikika kuliko maneno ya mtaalamu yeyote. Sauti ya kutisha ya bundi mweupe ni sauti ya ndege tu, na wakati mwingine ni ya kinda anayedai chakula. Anaruka bila kelele kwa sababu kingo za manyoya ya mabawa yake ni laini, na hilo linamsaidia kuwinda. Anakuja juu ya paa la nyumba kwa sababu panya wako chini yake. Nyumba ambayo bundi anairudia kila usiku ina tatizo la panya, na mwenyewe angefaa kuangalia ghala lake kabla ya kumwangalia jirani.

Wanaopinga wana la kusema

Wapo watakaosema kwamba katika nchi yenye vita mashariki, mishahara isiyofika na barabara zilizokatika, kuzungumzia visanduku vya ndege ni anasa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ingekuwa kweli kama kisanduku kingechukua feza ya dawa au ya masomo. Hakichukui. Kinachukua mabaki ya mbao na nidhamu. Na mji unaolinda mahindi yake kwa njia ya bei nafuu hauchezi.

Wengine watasema ndege ni maadui wa shamba. Ni kweli kwamba makundi ya ndege wala nafaka yanaharibu mtama na mpunga. Ila wengi wa hao ni wafumaji, na hawaishi katika visanduku. Wanaoishi katika matundu wengi wanakula wadudu, hasa wakati wa kulisha makinda. Tangu mwaka 2016, kiwavi jeshi aliyetoka Amerika ameenea katika mahindi ya Afrika. Ndege hawatamshinda peke yao, lakini mkulima hana sababu ya kufukuza hata msaidizi mdogo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye ukweli zaidi: kisanduku kinaweza kuwa kisingizio. Kiongozi anaweza kuzindua visanduku ishirini mbele ya kamera wiki ile ile ambayo miti elfu moja inaanguka porini. Nchi ina sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira, na karatasi hiyo haijazuia shoka. Kisanduku hakichukui nafasi ya msitu. Kinashikilia ndege wachache mjini huku kazi kubwa ikiendelea: kupanda miti ya makala karibu na miji, majiko yanayokula makala kidogo, na kuacha miti mizee ikisimama.

Kamina ianzie wapi

Mahali pa kuanzia ni shuleni. Shule ina miti, ina ukuta au uzio, ina mlinzi, na ina watu wanaobaki mwaka baada ya mwaka. Direkta akikubali visanduku vitano tu, kila darasa lipewe kimoja, na jina la darasa liandikwe juu yake. Wanafunzi waandike katika daftari siku ndege aliyoingia, siku makinda yaliyosikika, siku kisanduku kilichosafishwa. Daftari hilo lipokelewe na darasa linalofuata kama funguo za nyumba. Chuo Kikuu cha Kamina kina wanafunzi wanaoweza kusaidia kujua ndege gani wameingia na kwa nini wengine wamekataa.

Shule ndiyo pia mahali pa kuongea juu ya manati, ule mpira wa kurushia mawe. Karibu kila mvulana wa Kamina amewahi kuwa nao mfukoni. Kuunyang'anya kwa fimbo hakusaidii, kwa sababu mpira mwingine unapatikana katika tairi la kwanza litakalotoboka. Mvulana aliyepewa kisanduku akilinde ana sababu ya kumzuia mwenzake. Samaki mkunje angali mbichi.

Visanduku vya bundi vije baadaye, na visiwekwe kwanza katikati ya nyumba za watu. Vianzie kwenye depo za mahindi, mashamba ya misheni na viwanja vya vyama vya wakulima, mahali ambapo mwenye mali anaweza kuonyesha kwa macho kama panya wamepungua. Shefu wa kartie ajulishwe, majirani waitwe waone kisanduku kikiwa bado chini na waulize maswali yao yote. Wakikataa, kisitundikwe. Mwaka mwingine wanaweza kukubali, wakiona kwa jirani.

Na viongozi wa mji wanaweza kufanya jambo moja lisilogharimu hata faranga: kabla ya kukata mti mkubwa kando ya avenyu au katika uwanja wa serikali, mtu aangalie kama una tundu lenye uhai. Kama tawi bovu si hatari kwa wapita njia, liachwe. Mti wenye tundu ni kisanduku ambacho hakuna aliyekilipia na kisichohitaji kusafishwa.

Anayesoma haya akiwa na mbao nyumbani asikimbilie nyundo leo. Kwanza akae jioni moja chini ya mti wake, aangalie ni ndege gani wanaokuja na wanaingia wapi. Aongee na jirani. Ajiulize kama Julai ijayo atakuwa tayari kupanda ngazi akiwa na ndoo ya maji ya moto, na Julai nyingine baada ya hiyo. Kama jibu ni ndiyo, atundike kimoja. Kama jibu ni hapana, aache mwembe wake mzee usimame, na hilo litakuwa limewafaa ndege zaidi ya sanduku lililosahauliwa.